Nilimwambia Mwalimu Kwamba Kijani Haina Mwenyewe

Mama Feresita mpendwa, pole na kazi ya kupokea mizigo ya watu kila wiki gazetini, nami leo nakuongezea wangu kwa sababu sina wa kumwambia, hata mama yangu mzazi hajui ninachofanya hapa Kasese, anadhani napokea wageni hotelini. Mimi ni msichana wa miaka ishirini na sita, Mwislamu, mzaliwa wa Bwera, na ukweli ni kwamba nafanya kazi kasino. Waliniajiri kwa ajili ya Kiswahili changu cha mpakani, maana wafanyabiashara wanaovuka kutoka Kongo na wazee wanaoshuka milimani hawajui maneno ya mchezo, basi nasimama kwenye meza ya gurudumu, lile linalozungushwa na kampira ndani yake, na kuwaeleza: dau ni pesa unayoweka, vipande ni vile vya plastiki unavyopewa badala ya noti, meza ina moto maana yake watu wanashinda, na nyumba ndiyo kasino yenyewe.

Mwezi wa tatu, Jumanne moja mchana, aliingia mzee mwenye koti la kijivu, akasimama mlangoni kama mtu aliyekosea njia, na nilipomtazama vizuri nikaona ni Mwalimu Maate, aliyenifundisha hesabu darasa la tatu, ambaye alinishika mkono mpaka nikajua kuandika nane. Alinifurahia mno. "Nasifah! Mutoto yangu, iko wewe?" Akaniambia mke wake Kabugho alifariki mwaka jana, sasa anaishi peke yake kule Kyarumba na kahawa yake, na ameshuka mjini kununua saruji ya kujengea kaburi la mkewe, akasikia muziki, akaingia kuona.

Nilimweleza maneno yote kama nilivyofundishwa. Alisikiliza kwa makini, akahesabu vyumba vya gurudumu kwa kidole, kisha akauliza, "Nyekundu kumi na nane, nyeusi kumi na nane. Sasa hii moja ya kijani, iko ya nani?" Msimamizi wetu, Shafic, alikuwa nyuma yangu. Nikamjibu, "Haina mwenyewe, Mwalimu. Hutokea mara moja moja tu." Akaniamini. Angeachaje kuniamini, Mama, mimi mwanafunzi wake?

Tangu siku hiyo anakuja kila Jumanne na Ijumaa. Pesa ya saruji iliisha mwezi uleule. Sasa anasema "narudisha", neno wanalosema wote wanaofuata pesa zilizopotea. Shafic aliagiza apewe chai ya heshima, yaani chai ya bure wanayopewa wanaopoteza sana ili wasinyanyuke, na mimi ndiye ninayempelekea, sukari vijiko viwili, naye ananishukuru na kuniuliza habari za mama. Wafanyakazi wenzangu wana jina la siri kwa mteja kama huyu, wanamwita shamba, na akionekana mlangoni wanaambiana, "Shamba limefika, tuvune," na wiki iliyopita, Mama Feresita, nami nilicheka pamoja nao.

Juzi akaninong'oneza kwamba amepata mnunuzi wa kahawa yake, siyo mavuno, ni shamba lenyewe, anakuja Jumamosi kutoka Katunguru. "Nikirudisha pesa ya Kabugho, naacha." Nikamwongezea chai. Nikimwambia ukweli, Shafic atanifukuza, na mama anategemea ninachotuma, na Mwalimu atajua kuwa nilimdanganya. Nisiposema, sijui nitaishije. Niambie la kufanya.

Nasifah, Kasese

*

Nasifah mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nimelia kidogo. Sasa nimefuta macho, nisikilize.

Umefanya vibaya. Nakuambia mwanzoni ili tusizunguke. Ulijua kijani ni ya nani. Mtu akiweka dau moja nyekundu na moja nyeusi, hapati wala hapotezi, mpaka kampira kaangukie kijani, hapo nyumba inazoa yote mawili. Ndiyo maana jengo hilo lina taa na muziki na chai ya bure. Mwalimu wako alikuuliza swali sahihi kabisa, ukalifunika. Wateja wengine wote hawakuuliza, yeye aliuliza.

Lakini mtu mbaya hakosi raha kwa sababu ya vijiko viwili vya sukari. Wewe unampenda mzee huyu. Basi mpende kwa miguu. Usingoje Ijumaa, na usimwambie pale mezani mbele ya watu wanaomcheka. Alhamisi panda Kyarumba. Ukifika, omba msamaha kwanza, ndipo ueleze. Usimhubirie, ana miaka ya kutosha kujua dhambi ni nini. Mpe hesabu yenyewe, madau mawili na kijani, kisha nyamaza umwachie aikokotoe. Mweleze na chai ile hutolewa kwa nini.

Lile neno la shamba usimwambie. Huo ni uchafu wenu, wala hautamsaidia kuamua lolote. Utubu wewe na Mungu wako.

Jiandae pia kwamba anaweza kukasirika na kukufukuza uani kwake. Akikufukuza, ondoka kwa heshima, usijitetee. Huendi huko kusamehewa, unakwenda kumzuia asiuze.

Kuhusu kazi, mimi sikulishi, kwa hiyo siwezi kukuamuru kirahisi uache kesho. Lakini kabla hujapanda mlima, pitia Bwera umwambie mama yako ukweli. Unamwogopa bure. Mama anayejua mwanawe yuko wapi analala vizuri kuliko mama anayetumiwa pesa. Barua hii nakutumia kwa simu leo hii, gazeti litafuata. Nenda.

Mama Feresita

*

Mama Feresita,

Nilikwenda. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akasema tu, "Vaa viatu vya kupandia, njia ile inateleza." Nilimkuta Mwalimu akianika kahawa. Nilimwambia yote kama ulivyoniagiza. Akaokota kijiti, akachora namba chini, akafuta, akachora tena. Kisha akaniuliza bila kuniangalia, "Ulijua siku ile ya kwanza?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Nenda nyumbani, Nasifah." Hakuniita mutoto yangu. Nilishuka mlima ule nikilia mpaka barabarani.

Ijumaa hakuja kasino. Jumamosi nilipiga simu kwa jirani yake, akaniambia mnunuzi alifika na gari lake akarudi mikono mitupu. Jumatatu Shafic aliniuliza mteja wetu yuko wapi, nikamwambia nilichofanya, akaniambia nivue fulana ya kasino niondoke. Sasa nauza vitenge na mama sokoni Mpondwe, na siku nyingine hatuuzi hata kimoja.

Jana, kabla ya adhuhuri, Mwalimu alitokea kibandani na koti lake la kijivu. Alimsalimia mama kwa adabu, akasema, "Mama Nasifah, nimekuja kukushukuru kwa mutoto. Iko na moyo. Alichelewa tu." Mama akasema mtoto huyu hata kuzaliwa alichelewa. Wakacheka wote wawili, mimi nikageukia vitenge nikajifanya navikunja.

Mama akamtolea kiti na sahani ya wali na maharage. Mwalimu alikula polepole, akimsimulia habari za Kabugho: alivyokuwa akiimba akichuma kahawa, alivyokataa kwenda hospitali mpaka mwisho. Sijawahi kumsikia akimtaja kwa urefu namna ile. Sahani ilipokwisha, mama alimpakulia tena bila kumuuliza, naye akaendelea kusimulia.