Redio Iliendelea Kutangaza

Jumapili, Masaki

Wenye chaneli wamebadilisha tena namba za siri. Kipindi cha pili cha mpira kilikuwa ndiyo kwanza kimeanza, kioo cha TV kikawa cheusi. Fundi aliyetuchakachulia king'amuzi hapokei simu.

Baba ni mzee wa kanisa. Anaamini ninalipia kila mwezi, na huniombea kwa hilo.

Mpira huwa anautazama kwenye TV bila sauti, huku akisikiliza mtangazaji wa redioni. Leo redio iliendelea. Akapangusa macho yake yenye mtoto wa jicho, akasogea mpaka kwenye kioo.

"Naona giza tu. Mpira si unaendelea?"

"Unaendelea, baba."

Nilitaka kumwambia.

Akapapasa kiti, akakaa. "Basi usilipie tena, mwanangu. Ni hasara kumlipia kipofu."