Tumbo la Bijou

Goma, Jumanne

Na sisi tulikuwa tumekwisha kugawa watoto wa mbwa wetu Bijou kabla hajazaa. Tumbo lilivimba, maji alikunywa bila kushiba, na jirani yetu Mama Furaha akajichagulia dume la kulinda viazi vyake kule Kibumba.

Leo binti yangu alimpeleka Bijou kwa daktari wa wanyama.

"Mama, hii haiko mimba," daktari akamwambia binti yangu. "Kizazi kinajaa usaha. Tukingoja kesho, itakufa."

Daktari akampasua, akakitoa.

Mama Furaha alikuja kunicheka: "Kumbe, muzee, uliniahidi usaha."

Bijou anapumua vizuri miguuni pangu. Mungu, nakiri, mchana kutwa nilimwombea yeye, si moyo wangu huu mgonjwa unaochoka. Niliogopa kumzika. Asante kwa kuniachia nitangulie mimi.