Kigae Kitupu Kilichowaka

Dada yangu Zamu,

Ni mimi, Hamisi wako wa maabara pale Mbale. Nakuandikia barua ya wazi, mbele ya watu, kwa sababu nilikukosea mbele ya watu.

Unakumbuka siku kigae chetu cha kwanza kilipowaka? Kigae cheupe cha kauri ya alumina, kimejaa vitundu visivyoonekana kwa macho. Tulikilowesha maji yenye yuropiamu, madini yanayong'aa mekundu yakimulikwa, tukakichoma tanurini, nawe ukakimulika kwa taa ya urujuanimno. Kikawa chekundu kama kaa la moto. Kwa furaha ulinimegea nusu ya chapati yako. Ukanifundisha kwamba lazima pawe na kigae kingine kisichotiwa yuropiamu, nacho kibaki cheupe, la sivyo hakuna atakayetuamini. Kuhusu kuosha vyombo hukuwa na mzaha: "Maji mingi, bwana. Hii kitu inashika."

Kisha akaja mkaguzi, na mmoja wetu tu ndiye angebakizwa kuendelea na utafiti. Akawasha taa. Vigae vyote viwili vikawaka vyekundu, hata kile kitupu. Nilijua palepale: nilikilowesha maji matupu katika bakuli lilelile la yuropiamu bila kuliosha, kwa haraka zangu. Mwalimu wetu wa maabara akauliza nani alikiandaa.

"Zamu," nikasema.

Uliweka daftari lako juu ya kabati, ukatoka. Wiki iliyofuata ulirudi Jinja, kwenye duka la mama yako mtaani Nalufenya, kando ya barabara kuu, nami nikabakizwa.

Naona haya, dada. Nikisafiri kwenda Kampala, basi likifika Nalufenya nainamisha kichwa kwenye simu nisije nikakuona mlangoni. Wanafunzi wananiita mtaalamu, nami natamani ardhi ipasuke.

Mwezi uliopita nilikuta daftari lako nyuma ya kabati. Siku tulipoandaa vigae uliandika: "Kile kitupu amelowesha Hamisi. Anasema bakuli ameosha. Nimemwamini."

Daftari hilo ulikuwa umelishika mkononi mbele ya mkaguzi, Zamu. Ungelifungua tu, mimi ndiye ningerudi nyumbani.

Leo asubuhi nimelipeleka kwa mwalimu, nikaufungua ukurasa huo mezani kwake, nikasimama mpaka alipomaliza kusoma. Atakaloamua na liwe. Sikuandikii ili unisamehe. Nilitaka usikie kutoka kwangu kwamba nimeusema ukweli.

Msalimie mama, kama jina langu bado linatajika kwenu.

Mdogo wako aliyekusingizia,
Hamisi