Héritier Anafumba Macho

Papa Kalenga,

Leo nimemwacha mwanao nje ya timu. Nakuambia mwenyewe kabla hujaletewa na wengine huko uliko, maana midomo ya watu wa mtaa wetu wa Rosettenville unaijua.

Tangu ulipotuacha, miezi mitano sasa, kocha mkuu pale chuoni ameniachia kazi yako ya kupima vijana wa raga: nani asimame nyuma kabisa, adake mpira uliopigwa juu na kukimbia nao kuwaelekea wapinzani. Mimi, Neema, msusi wa nywele uliyenifanya msaidizi wako uwanjani! Walibaki wawili, Héritier wako na kijana mmoja wa mtaa wa Alexandra, mfupi, mbishi. Kocha alitaka jina moja leo asubuhi.

Nimewapima kwa njia yako. Wengine hukaa pembeni wakihesabu mipira iliyodakwa. Wewe ulinifunga mto wa mazoezi kifuani ukaniambia, "Neema, mukimbilie huyo mudakaji, piga kelele, usitazame mpira. Tazama uso." Nilikuwa nakucheka. Mwanamke mzima nakimbia uwanjani nikipayuka kama niliyeporwa simu! Lakini ni kule mbele ndiko nilikoona jambo ambalo wa pembeni hawalioni. Héritier anadaka tisa kati ya kumi, na kila mara, mpira ukishuka na vishindo vyangu vikimkaribia, anafumba macho.

Nililiona ukiwa hai, Papa. Hilo ndilo linalonichoma. Zamu ya mwanao ikifika ulikuwa unageuka, unatazama uzio, unasema, "Mupime weye. Mi ni baba, macho yangu itanidanganya." Na siku ile hospitalini uliponishika mkono ukauliza kama mtoto ataweza, nilikujibu, "Ataweza, Papa, tena sana." Nilikudanganya. Ulikuwa unaondoka, nami moyo haukunipa. Nisamehe.

Jumamosi iliyopita, kwenye mechi ya majaribio, alifumba tena. Jitu moja likamvaa angali hewani, akaangukia shingo. Alinyanyuka, Mungu ni mwema. Nikajiuliza, namlinda nani hapa, marehemu au mtoto?

Basi leo nimetaja jina la yule wa Alexandra. Kocha akaniuliza mara mbili kama nina hakika. Kisha nikapanda teksi hadi kwenu, nikamkuta Héritier mlangoni anasugua viatu vyake vya raga. Nikamweleza yote, hata uongo niliokuambia. Nilingoja anitukane. Alikiweka kiatu chini. Halafu akasema, akiniita dada mkubwa kwa lugha yenu, "Eish, yaya Neema. Mi naogopa toka niko mutoto. Nilikosa tu namna ya kumwambia Papa."

Akalia. Nami nikalia, hadi Mama, mkeo, akatoka jikoni mbio akidhani tumepata msiba mwingine.

Hatujamwambia bado, Papa. Anazitunza jezi zako zote, anaamini mtoto ndiye atakayezivaa. Jumapili baada ya ibada Héritier atamwambia kwamba raga anaiacha, na nimeahidi kuketi naye. Nakuahidi na wewe: Mama akiniuliza ungesema nini, sitakusemea uongo. Nitamwambia ulikuwa unatazama uzio, nadhani kwa sababu nawe ulijua.

Lala salama, baba yangu.

Neema