Sauti ya Mama Aline Ndani ya Mac ya Zamani

Jumatatu, tarehe 6 Mei
Nimemaliza kusahihisha kazi za darasa la tano. Nikafungua kompyuta yetu ya Mac nisikilize nyimbo za marehemu muke wangu, kama kila jioni. Mushale wa kwenye kioo ukaanza kutembea peke yake. Sijagusa kitu! Ukafungua barua za zamani, ukafunga, ukakokota wimbo mumoja hadi kwenye pipa la takataka. Nimeurudisha, nikazima haraka.
Mashine hii binti yetu Aline alituachia alipoolewa Lubumbashi. Imezeeka. Lakini mama yake alirekodi mazoezi yake ya kwaya humo, hapa sebuleni. Kopi hakuna.

Jumanne, tarehe 7 Mei
Bado. Jirani yangu Papa Felisi anasema ni virusi, vimetoka kwenye kle za watu, vile vijiti vya kubebea nyimbo. Inawezekana. Wanakwaya wote walichomeka kle zao humu, kle zilizozunguka kila kibanda cha muziki sokoni. Nimewakasirikia wote. Na marehemu kidogo, kwa kuwaruhusu.

Alhamisi, tarehe 9 Mei
Simu kutoka Kirungu. Mama mukwe anashuka kwa misa ya mwaka mumoja, tumalize kilio. Mwaka jana mvua ilikata barabara, tukamuzika mutoto wake bila yeye.
"Mukwe wangu, hata sanduku sikuliona. Sauti yake nitaisikia?"
Nikasema ndiyo. Nilisema haraka mno.

Ijumaa, tarehe 10 Mei
Nimeenda kwa Papa Zakaria, fundi wa kompyuta karibu na gare ya treni. Nikamuambia: virusi. Hakuifungua hata.
"Basi tunaformate, Papa Profesa."
Kuformate ni kufuta yote na kuanza upya. Kwa mafundi wa hapa, kila ugonjwa dawa ni hiyohiyo. Akasema nitoe nyimbo kwanza. Nimenunua kle sokoni, yenye nafasi kubwa ajabu kwa bei ya sabuni. Nimekopi. Majina yote yanaonekana. Nimemshukuru Mungu.

Jumamosi, tarehe 11 Mei
Mashine imerudi kutoka kwa fundi. Safi, tupu. Nimewasha.
Mushale unatembea.

Jumapili, tarehe 12 Mei
Mahubiri sikusikia hata neno. Nimetoka kanisani moja kwa moja hadi kwenye meza. Nikaona mashine haikai sawa, inayumba. Nimefungua mufuniko wa chini. Batri imevimba kama andazi, inasukuma kutoka chini kile kibao cha kidole kinachoendesha mushale, ndiyo maana kinajibonyeza chenyewe.
Hakuna virusi. Havikuwepo kamwe. Imezeeka tu, na mimi niliiacha kwenye umeme miaka yote, usiku na mchana, kwa sababu hapa umeme ukienda hujui utarudi lini.
Nimetoa batri polepole, nimeiweka nje kwenye muchanga. Nimewasha kwa umeme peke yake. Mushale umetulia. Nikachomeka kle. Wimbo wa pili, haufunguki. Wa tatu, hivyohivyo. Wa mwisho, hivyohivyo. Kle ya uongo, inaonyesha majina lakini ndani hamna kitu. Umefunguka wa kwanza tu, ule ulioharibika, alioukatiza njiani akirekodi.
Nimelia kwa sauti. Papa Felisi alibisha hodi. Sikufungua.

Jumatano, tarehe 15 Mei
Nimerudi kwa fundi na hasira yangu yote. Akaniuliza: "Lakini Papa Profesa, virusi si ulisema wewe mwenyewe?"
Ni kweli. Alijaribu kutafuta kilichofutwa, siku nzima. Hakupata. Pole yake nimeipokea vibaya.
Nimepiga simu Kirungu nimuambie mama mukwe. Amekwisha kuteremka Moba, yuko njiani na boti.

Jumamosi, tarehe 18 Mei
Misa imekwisha. Nimevua nguo nyeusi. Wageni wamekula, wamekwenda.
Nilimuambia mama mukwe yote. Hakunilaumu, na hiyo iliniumiza zaidi. Akasema, "Leta hicho kilichobaki." Nikaleta. Ni kidogo sana. Muke wangu anaanza wimbo wa sadaka, mustari mumoja, halafu anakata: "Papa Aline! Kuku zinaingia! Nimekuambia mara ngapi ufunge huo mulango? Eeh, huyu mwanaume!" Basi, imekwisha.
Mama mukwe akanigeukia. Niliona haya.
"Alikuwa anakugombeza hivyo kila siku?"
"Kila siku, Mama."
"Vizuri," akasema. Akacheka, machozi yakamushuka. "Rudisha tena."
Nimerudisha hadi umeme ukaenda. Kopi nimekwisha kuweka katika simu tatu, kwa hiyo nilimupa kle. Ameifunga kwenye ncha ya kitenge, pale anapofungia pesa. Kule kwake hakuna mashine ya kuichomekea. Sikumukumbusha.