Sukari ya Ndoa ya Binti wa Bana Mwape

Jumatatu, 12 Julai 1999
Sufuria ya pili leo. Ya kwanza iliungua. Sukari, maji, tone la ndimu, juu ya moto wa makala. Nikangoja rangi ya asali. Nikachovya uma mbili nilizofunga pamoja, nikazitikisa juu ya fimbo za ufagio nilizolaza kati ya viti. Nyuzi zikatoka nyembamba kama nywele. Nikazikunja kama kiota cha ndege, kiota kimoja cha sukari. Masista wa Lubumbashi walinifundisha vizuri.

Jirani ameanika chisense mpaka mulangoni kwetu. Nzi wanatoka kwa samaki, wanakuja kwa sukari. Nafunika, wanaingia.

Bana Mwape, ndiyo kusema Mama Mwape kwa Kibemba, ndiye ameagiza, binti yake anaolewa Jumamosi. Tangu tuvuke ziwa kutoka Kongo kukimbia vita, hapa Nchelenge, Zambia, tunaitwa wakimbizi tu. Yeye ni wa kwanza kuniita kwa jina.

Jumatano, 14 Julai
Mama wa bwana yangu anataka kusaidia. Macho yake yamefifia, mikono bado mizuri. Anavuta nyuzi kunishinda. Lakini ananusa tumbako. Kahawia chini ya pua, kahawia kwenye vidole. Anajifuta kwa kiganja, kisha anashika sukari.

Nikaangalia pembeni. Mukwe hamuambii mama mukwe habari ya kamasi. Haisemwi. Nikasema tu, "Mama, pumzika kidogo."

"Nimepumzika tangu tuvuke, Mama Ruti. Leta hiyo uma."

Sikugusa bukari leo, hata tonge moja la ugali.

Ijumaa, 16 Julai
Sitaki hata kuandika.

Viota vyote vilikuwa tayari isipokuwa kiota kikubwa cha meza ya maarusi. Sukari ya mwisho juu ya moto. Mama akapiga chafya juu ya sufuria. Niliona tone. Zito, jeusi. Likachemka, likazama. Yeye akachovya uma, akaendelea.

Hakuna sukari ingine ndani ya nyumba. Na dada wa Bana Mwape alikuwa ameketi palepale, amekuja kutazama, anasifu, jicho lake kwa nyuzi tu. Nikimwaga, atauliza. Mama atapata haya mbele ya mugeni. Nikanyamaza. Nikafungia kile kiota ndani ya mukebe.

Nachukia tumbako. Namuchukia yeye. Ndiyo, nimeandika.

Jumamosi, 17 Julai
Ndoa. Vigelegele kwa sukari yangu. Bibi arusi alivunja kipande cha kile kikubwa, akaweka kinywani, akafumba macho. Bwana arusi naye. Watoto wakalamba sahani. Kila ulimi niliuona.

Bana Mwape alinishika mikono yote miwili. "Natotela, asante sana, Mama Ruti! Mwezi ujao tuna ubatizo. Utanipikia tena." Nikacheka. Nilitapika nyuma ya kanisa.

Mama alipiga chafya tu. Mimi niliona, nikabeba, nikalisha watu. Muchafu ni mimi.

Jumapili, 18 Julai
Mama hakwenda misa. Nilimukuta ameketi uani, mikono mitupu.

"Walikula?"

"Walikula, Mama."

"Na ile yangu ya mwisho?"

Nikashika ufagio, nikaanza kufagia uani.

"Nilijua umeona," akasema. "Sioni vizuri, lakini nilisikia umeacha kupumua. Nikangoja useme. Mutoto niliyemuzaa angenipigia kelele: Mama, toka kwa sufuria! Weye umeniheshimu mpaka umelisha batu kamasi yangu."

"Na Mama mwenyewe, juu ya nini ulinyamaza?"

"Niliona haya. Nilitaka niwe na kazi."

Nikamuambia ilinichukiza. Nikamuambia bado inanichukiza. Miaka tisa mu nyumba yao, na hilo ndilo neno la kwanza la kweli nimemupa. Hakukasirika. Alilia kidogo, nami nililia.

Jumatatu, 19 Julai
Mama anataka tukamuambie Bana Mwape. Sitaki. Nimefua nguo zote, hata zilizo safi. Tutapoteza jina tulilopata.

Jumanne, 20 Julai
Tumekwenda asubuhi. Mama alisema yeye mwenyewe, kwa Kibemba chake kibovu, nami nikamaliza: niliona, nikaleta hivyohivyo. Bana Mwape aliangalia mikono yetu. Akaweka kiganja juu ya mudomo. Kisha akasema kwa ubatizo atanunua biskuti. Hakutufukuza. Hakutupa chai pia. Najua alichohisi, nimekihisi wiki nzima.

Tulirudi kando ya ziwa. Upepo kidogo, wanawake wanafua. Mama alitangulia, anapapasa njia kwa muguu.

"Mama, matope hayo! Pita huku!" nikapiga kelele.

Akapita huku.