Ubao wa Mwisho

Kwako mwanangu wa kwanza,

Miezi minane hujakanyaga kizingiti changu. Ningedhani umekufa, ila habari mbaya haina miguu mizito, kwa hiyo najua upo na ni uvivu tu. Hujambo? Mkeo na watoto wazima? Mimi goti linauma, mdomo mzima. Anayeniandikia ni jirani mshona nguo. Nimemwambia asinipambie maneno.

Mjukuu wangu, binti wa marehemu mdogo wako, amepata kazi ya ajabu. Yeye, seremala na fundi umeme wamechukua ghala tupu wakapanga mbao ukutani. Ukigusa ubao, taa inawaka juu yako na sauti inatoka: huyu anaita wateja, yule anabembeleza mtoto. Nikauliza ni kitu gani. Wakasema ni sanaa. Nikasema sawa, lakini sanaa yenu ina vumbi, nikawa naenda kuwafagilia na kuwapelekea chakula. Nikawapenda wote, hasa fundi umeme, mkimya yule, anaosha sahani yake bila kuambiwa.

Wiki iliyopita wakaniwekea kiti wanionyeshe ubao wa mwisho. Seremala akagusa. Taa ikawaka, na mdogo wako akasema: mama, nitachelewa, niwekee chakula. Mjukuu aliitoa sauti hiyo kwenye simu ya marehemu, anifurahishe. Seremala akarudia mara tano, anajaribu. Mara zote tano niligeuka kutazama mlango. Nikawaambia ni nzuri.

Kesho yake waya ukakutwa umekatwa, na ukuta mzima umezimika. Kwa kuwa fundi alikuwa amekorofishana na seremala juu ya taa, seremala akasema ndiye. Mjukuu akamfukuza fundi. Alikusanya vifaa vyake, akanishukuru kwa chakula, akaenda.

Mwanangu, ni mimi. Kwa mkasi wa jikoni. Nilichomoa plagi kwanza, sijachoka kuishi. Sikuweza kuvumilia watu wasiomjua wamwite mtoto wangu kwa kidole, kisha waende zao wakicheka. Sasa siku ya nne mwana wa watu anabeba mzigo wangu. Kumwambia mjukuu nimejaribu mara mbili, nikaishia kumuuliza kama amekula. Nikimwambia, atajua zawadi yake ilinichoma.

Msalimie mkeo, na watoto uwabane mashavu kwa niaba yangu. Wageni wa kutazama zile mbao wanakuja ghalani Jumamosi, kwa hiyo wewe uje Ijumaa, mikono mitupu, sitaki sukari yako. Tutaanza kwa fundi, kisha ghalani. Nitasema mwenyewe. Kazi yako ni kusimama mlangoni nisipate pa kutokea.

Ni mimi mama yako